Kabati la droo lenye uso wa upinde, kwa zana za mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa fundi au mwanafunzi wa useremala anayetaka kutengeneza kabati la droo nne ambalo uso wake umebinuka kwenda mbele. Vipimo vyote vilivyotajwa ni vya kabati moja: uso wa droo una upana wa sentimita 90, upinde unatoka nje sentimita 6 pale katikati, na kabati lina kimo cha sentimita 90. Ukibadilisha kipimo kimoja, piga hesabu upya, usikisie.

Uso wa upinde ni upi hasa? Nimeona makabati ya mviringo ya aina nyingi.

Simama juu yake utazame chini. Ubavu wa kulia umenyooka, wa kushoto umenyooka, mgongo umenyooka. Mbele tu ndiko kuna mkunjo, na mkunjo wenyewe ni mmoja, kutoka pembe hadi pembe. Huyo ndiye mpole kuliko wote katika ukoo wake.

Wapo ndugu zake wakorofi zaidi. Kuna uso wa mawimbi, unaotoka, unaingia, unatoka tena. Kuna kabati lenye tumbo, ambalo limebinuka kulia na kushoto na vilevile kutoka juu kwenda chini, na katika baadhi yake hata mbavu za droo hufuata tumbo hilo. Mafundi wa Boston, Marekani, walilipenda sana: Benjamin Frothingham alitengeneza dawati la namna hiyo mwaka 1753, na kabati la John Cogswell la mwaka 1782 liko katika jumba la makumbusho ya sanaa la mji huohuo. Kisha kuna mtindo wa Newport, mji mwingine wa Marekani, wa koo za Townsend na Goddard, ambao uso umegawanywa katika vitalu vinavyotoka na kuingia, vyote vikichongwa katika mbao nene. Dawati moja la mtindo huo liliuzwa mnadani mwaka 1989 kwa dola milioni 12.1.

Anza na upinde mmoja. Tumbo la Boston liache kwanza.

Mtindo huu ulitoka wapi?

Kabati la droo la kifahari lilikomaa Ufaransa. André-Charles Boulle alipeleka mawili katika kasri la Trianon mwaka 1708 na 1709, na lile lililotengenezwa na Antoine Gaudreaus mwaka 1739 kwa chumba cha kulala cha Mfalme Louis wa 15, lenye mapambo ya shaba ya Jacques Caffieri, sasa liko London katika jumba la makumbusho la Wallace Collection. Hizo zilikuwa kazi za wafalme.

Upinde tunaouzungumzia ni wa watu wenye nafasi, si wa wafalme, na ulienea Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Jina linalotajwa sana ni la George Hepplewhite, fundi wa fenicha wa London. Yeye alifariki mwaka 1786, na michoro yake ilichapishwa na mjane wake, Alice, mwaka 1788. Michoro hiyo ilivuka bahari. Mafundi wa majimbo ya Marekani ya Massachusetts na New Hampshire waliichukua wakaongeza yao. Wale wa Portsmouth, mji wa New Hampshire, walibandika mapande ya mbao nyeupe ya bachi yenye miali katikati ya mahogani nyekundu, na mpaka leo ukiona kabati la hivyo unajua limetoka wapi.

Kwetu pwani hakuna kitu kama hiki?

Tuna makasha ya Zanzibar, mengi yakiwa na droo tatu chini na misumari ya shaba iliyopangwa kwa nakshi. Lakini uso wake ni bapa. Fundi wa kasha aliweka uzuri juu ya uso. Fundi wa kabati la upinde aliuweka katika umbo la uso wenyewe, na mara nyingi hakuongeza kitu zaidi ya utepe mwembamba wa mbao ukingoni mwa droo. Kwa hiyo mteja akikuomba uchonge maua juu ya upinde, mshauri vinginevyo. Mwanga ukipita juu ya uso uliobinuka unafanya kazi ya kutosha.

Nimezoea kutengeneza makabati ya mraba. Nitaweza?

Utaweza, kwa sababu hili nalo ni kabati la mraba hadi dakika za mwisho. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaanza kwa kupinda kila kitu, halafu wanahangaika kutafuta mahali pa kuegemeza skwea. Ubao uliopinda hauna pa kupimia.

Mpangilio ni huu. Tengeneza kiolezo cha upinde. Chora upinde kwenye kila kipande kinachouhitaji. Piga randa nyuso zote za ndani zinyooke, kata viungo vyote, jaribisha droo ziingie na kutoka. Baada ya hapo ndipo unapotoa upinde wa mwisho, droo zikiwa ndani ya kabati, uso wote ukipigwa randa kwa pamoja. Ukiufuata mpangilio huu, upinde wenyewe ni kazi ya kupendeza. Ukiugeuza, utakonda.

Nauchoraje upinde wenyewe?

Unahitaji nusu kipenyo cha duara ambalo upinde wako ni kipande chake. Chukua upana, uzidishe kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya kimo cha upinde, kisha ongeza nusu ya kimo hicho. Kwa kabati letu: 90 mara 90 ni 8,100. Mara nane ya 6 ni 48. Ukigawanya unapata 168.75. Ongeza 3: jibu ni sentimita 171.75.

Tafuta mti mwembamba ulionyooka wenye urefu wa mita mbili. Piga msumari mmoja sakafuni kupitia ncha ya mti, toboa tundu la penseli umbali wa sentimita 171.75 kutoka msumari, kisha zungusha juu ya kipande cha plaiwudi. Hicho ndicho kiolezo chako. Kikate nje ya mstari, kisha kisawazishe kwa tupa na msasa mpaka kidole kikipita juu yake kisihisi kilima wala bonde. Tumia muda hapa. Kila kosa la kiolezo litanakiliwa kwenye droo nne na reli tano, yaani mbao za mlalo zilizo juu, chini na katikati ya droo.

Wapo wanaopinda utepe wa mbao kwa misumari mitatu na kuchora kwa kuufuata. Mstari unaopatikana si duara kamili, ila ni mzuri kwa macho, na hakuna mteja atakayekuja na bikari. Shida yake ni moja: kiolezo kikipotea, huwezi kukirudia kilekile.

Kabla ya kukata mbao yoyote, chora kabati lote kwa ukubwa wake halisi kwenye shiti moja la plaiwudi, likitazamwa kutoka juu. Mchoro huo ndio utakaokuambia ubao wa droo unene wake uwe ngapi pembeni na ngapi katikati.

Droo ziwe na kimo gani?

Fupi juu, ndefu chini. Droo zenye kimo sawa huonekana kama zinaporomoka. Tumia 12, 15, 18 na 21. Jumla ni 66. Ongeza reli tatu za kugawa zenye unene wa sentimita 2, juu 2, chini 2, na miguu 14. Umefika 90. Namba hizi nne zimechaguliwa kwa sababu zote zinagawanyika kwa tatu, na utaona faida yake muda si mrefu.

Nitumie mbao gani?

Kwa uso na mbavu: mkangazi. Ni jamaa wa mahogani waliyotumia Waingereza, unachongeka vizuri, na rangi yake huiva kadiri miaka inavyopita. Mninga nao ni mzuri mno, hauchezi hovyo hovyo, hasa kama kabati litahamishwa kutoka mkoa wa unyevu kwenda mkoa mkavu. Mvule unafaa, ila tahadhari: ndani yake hukaa vijiwe vigumu vya chokaa ambavyo humega makali ya randa bila onyo. Vumbi la mvule pia linawasha pua na koo, jifunike.

Kwa mbavu za droo, mgongo na vitu vya ndani, podo, saipresi au paina ya Sao Hill inatosha. Mafundi wa zamani nao walifanya hivyohivyo: mbao ya bei mbele, mbao nyepesi ndani. Huo si ujanja wa kumwibia mteja. Droo yenye mbavu za podo za milimita 12 hufunguka kwa kidole, wakati ya mvule mtupu inahitaji mtu aliyekula.

Muhimu kuliko aina ni ukavu. Mbao ya fenicha inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 12 hivi. Ukinunua Keko, Gikomba au popote pengine, chukulia kwamba haijakauka hata kama muuzaji anaapa. Ipange karakanani na vijiti katikati yake, hewa ipite, ikae muda mrefu kabla ya kuigusa.

Uso wa droo wenye upinde wa sentimita 6 unahitaji ubao mnene kiasi gani?

Hili ndilo swali lenyewe. Kuna njia tatu.

Ya kwanza ni kuchonga katika ubao mmoja mnene. Unene ni kimo cha upinde, 6, pamoja na unene wa ncha, 2.2, ukiongeza wa kupoteza kwenye randa unahitaji sentimita 8.5. Mbao ya mkangazi ya unene huo haipatikani kirahisi, na ikipatikana mara nyingi ni kavu nje na mbichi ndani. Utachonga, utafurahi, kisha miezi ikipita uso utajinyonga. Zaidi ya nusu ya mbao pia inaishia kuwa vipande vya kuni. Faida yake ni kwamba nyuzi ni za mti mmoja na hakuna haja ya vinia, yaani ganda jembamba la mbao nzuri linalobandikwa juu.

Ya pili ni kuunganisha tabaka nyembamba kwenye kalibu: mbao nane za milimita 3, gundi katikati, klampu nyingi, usiku kucha. Ni imara na haipotezi mbao. Ukiitoa kwenye kalibu itarudi nyuma kidogo, na kadiri tabaka zinavyokuwa nyingi ndivyo inavyorudi kidogo zaidi. Kwa mwenye mashine ya kupasulia ni njia safi. Kwa mwenye msumeno wa mkono, kupasua mbao thelathini na mbili za milimita 3 ni adhabu, si ufundi. Na kuna shida nyingine: kipande kinatoka kikiwa tayari kimepinda, hakina pa kuegemeza skwea. Umerudi kule tulikosema usiende.

Ya tatu ni njia ya matofali, na ndiyo nayoipendekeza bila kusita. Mafundi wa Uingereza waliitumia sana. Unakata vipande vifupi vya paina au podo, urefu wa sentimita 30 hivi, upana 3.5, unene 3, na kuvijenga kozi juu ya kozi kufuata upinde, kiungo cha kozi ya juu kikiangukia katikati ya tofali la chini. Mwashi yeyote ataielewa kabla hujamaliza kueleza. Juu ya ukuta huo ndipo hubandikwa vinia ya mbao nzuri.

Hesabu yake inapendeza. Kwenye duara letu, kipande cha sentimita 30 kinabinuka milimita 7 tu, badala ya sentimita 6. Ndiyo maana upana wa 3.5 unatosha kutoa uso wenye unene wa sentimita 2.4, uliopinda nje na ndani. Kila kichwa cha tofali kinakatwa kikiwa kimelala nyuzi 5 za pembe kutoka kwenye skwea. Tengeneza kisanduku cha kukatia chenye mwanya wa nyuzi 5 na utakata yote bila kupima tena. Kwa kuwa kozi ni sentimita 3, droo zako zinahitaji kozi 4, 5, 6 na 7. Matofali yakatwe yakiwa na unene wa 3.1 au 3.2, ili baada ya randa na gundi kimo kisipungue.

Kitu kimoja usisahau: matofali ya pembeni yawe na upana wa 4.5, na yazidi kwa urefu. Utahitaji nyama hiyo ya ziada kwa viungo vya mbavu.

Plaiwudi ile laini inayojipinda si ingemaliza kazi?

Ingemaliza, kwa maana ya kuimaliza kabisa. Hainasi misumari ukingoni, mikia ya njiwa (viungo vya droo vyenye umbo la mkia wa njiwa) haikatiki ndani yake, na kwenye nyumba ya pwani itaachia tabaka. Itumie kwa kaunta ya duka.

Zana gani ni za lazima?

Zile ulizonazo: msumeno wa kukatia viungo, patasi za milimita 6, 12 na 25, randa, nyundo ya mbao, skwea, klampu kadiri ulizonazo na mbili zaidi. Za nyongeza ni tatu. Msumeno wa uta, ule wenye fremu ya mbao na ukanda mwembamba wa meno, kwa kukata reli zilizopinda. Randa fupi ya mikono miwili, ya kuvuta na kusukuma, kwa kusawazisha upinde. Na kikwaruzo, ambacho si lazima ununue. Kipande cha msumeno mkuukuu kilichonyooshwa kwa tupa na kugeuzwa ukingo kwa chuma kigumu kinakwaruza vizuri kuliko vingi vya dukani.

Ipo pia randa maalumu yenye tumbo la bati linaloweza kukunjwa kufuata duara. Ni zana tamu, lakini kwa upinde mpole wenye nusu kipenyo cha mita 1.7 randa ya kawaida inapita nje ya uso bila shida.

Mikia ya njiwa naikataje wakati uso umepinda?

Ikate wakati nyuma ya uso imenyooka. Kwa njia ya matofali, gundi ikishakauka, piga randa ukingo wa chini na wa juu. Kisha geuza kipande, tumbo likiwa chini, na upande wa ndani chonga vipande viwili bapa kwenye ncha, kila kimoja upana wa sentimita 2. Weka mbao mbili ndefu zilizonyooka, moja kwenye kila ncha, na chungulia: kingo zake za juu zikiwa sambamba, vipande bapa viko kwenye mlalo mmoja. Zisipokuwa sambamba, droo itakaa imepinda kama mtu aliyelalia shingo vibaya, na hakuna randa itakayoiponya. Baada ya hapo kata ncha zote mbili kwa skwea ukipimia kwenye vipande bapa hivyo, si kwenye uso.

Sasa una kila unachohitaji: bapa mbili na vichwa viwili vilivyo skwea. Mkia wa njiwa unakatwa kama kwenye droo yoyote. Kata mikia kwenye ubavu, uweke juu ya kichwa cha uso, chora, chimba.

Angalia unene unaobaki mbele. Kwenye ncha kabisa uso una milimita 22 ukishamalizika. Mkia uwe na urefu wa milimita 15, zibaki 7 za kuuficha. Usitamani zaidi. Pale pembeni uso wa nje umelala nyuzi 15 kutoka kwenye mstari wa kabati, na ndipo utakapopiga randa kwa nguvu wakati wa kumalizia. Ukipunguza sana, mkia unachungulia nje, na mkia ukishachungulia hakuna namna ya kuurudisha. Kwa sababu hiyo, kabla ya viungo acha uso wa nje ukiwa umezidi mstari kwa milimita 2.

Fremu ya kabati ina siri gani?

Si nyingi. Reli za kugawa droo zina nyuma iliyonyooka na mbele yenye upinde, kwa hiyo zinatoka kwenye ubao wenye upana wa sentimita 12 hivi. Zichore zote kwa kiolezo kilekile, kata viungo vyake vya mbavuni kwanza, halafu ndipo ukate upinde, tena nje ya mstari.

Mahali panapoua makabati mengi ni vibao vya kutelezea droo. Nyuzi zake zinalala, nyuzi za ubavu zimesimama. Ubavu wenye upana wa nusu mita utatanuka masika na kusinyaa kiangazi. Kibao hakitabadilika urefu. Ukikigundisha chote, ubavu utapasuka, na mteja atasema ulimuuzia mbao mbovu. Gundisha sentimita chache za mbele tu. Nyuma weka skrubu kwenye tundu lililorefushwa ili ubavu ujisogezee utakavyo.

Ubao wa juu wa kabati ukate mwisho. Sogeza kiolezo mbele sentimita 1.5 na uchore. Tofauti na duara sahihi haifiki milimita moja.

Ubao wa chini wa droo nao unapinda?

Ukingo wake wa mbele ndiyo, ikiwa umepinda upande wa ndani wa uso. Chimba mfuo unaofuata upinde kwa kifaa cha kukwaruzia chenye jino dogo, au gundisha chini ya uso vipande vidogo vya kuushikilia ubao. Ukiacha nyuma ya uso iwe bapa yote, mfuo unanyooka, ila droo inakuwa nzito.

Nyuzi za ubao wa chini ziende kushoto kulia. Usiweke gundi. Utanukie nyuma, chini ya ubao wa mgongo wa droo, na skrubu moja katikati inatosha.

Napiga randa kuelekea wapi kwenye upinde?

Kutoka katikati kwenda pembeni, pande zote mbili. Katikati ndipo kilele kilipo. Ukishuka nacho nyuzi zinalala, ukipanda zinanyanyuka na kung'oka. Upande wa ndani ni kinyume: anzia pembeni, malizia katikati.

Pasi ya mwisho inapigwa droo zote zikiwa ndani, zimekazwa kwa vipande vyembamba vya mbao ili zisicheze. Pitisha kiolezo juu, katikati, chini. Pasipogusa ndipo pa kuacha, panapogusa ndipo pa kukwaruza. Kisha funga macho upitishe kiganja. Kiganja kinaona kilima ambacho jicho halikioni.

Vinia inabandikwaje juu ya upinde?

Zamani walitumia gundi ya ngozi, iliyopashwa ndani ya maji ya moto hadi nyuzijoto 60 hivi. Ikichemka inapoteza nguvu. Uso ulikwaruzwa kwa jino jembamba ili gundi ishike, vinia ikalazwa, na kusukumwa kwa nyundo pana kutoka katikati kwenda nje mpaka gundi ya ziada itoke. Kwa upinde mkali walikandamiza kwa mifuko ya mchanga wa moto, ambao hujikunja kufuata umbo lolote.

Kwa gundi nyeupe, tumia kalibu. Vipande vya nje ulivyokata kwenye kiolezo usivitupe: vina umbo kamili la kukandamizia. Weka karatasi katikati, ama sivyo utagundisha na kalibu.

Panga vinia ya droo zote nne kutoka kwenye shuka zilizofuatana, ili maua ya mbao yapande kutoka droo ya chini hadi ya juu bila kukatika. Mteja hatajua kwa nini kabati linampendeza. Wewe utajua.

Na ule utepe wa mbao ukingoni mwa droo?

Ni mbao ya milimita 3 iliyoviringwa ukingo wake na kutokeza mbele kidogo. Unapendeza, lakini kazi yake ya asili ni kuilinda vinia isibanduke pembeni. Kufuata upinde wetu hauhitaji hata mvuke; loweka kwa maji ya moto, kunja kwa mkono, funga kwenye kalibu mpaka ukauke, ndipo uweke gundi.

Vishikio?

Vya wakati ule vilikuwa na bamba la shaba la umbo la yai na mkono unaoning'inia. Bamba bapa la sentimita 8 litaacha nusu milimita ya hewa kila ncha kwenye upinde wetu, kwa hiyo likunje kidogo kwa kidole gumba kabla ya kufunga. Ukitoboa, kekee isimame skwea na uso pale ulipo, si skwea na mgongo wa kabati. Mafundi wengi huboronga hapa na kishikio kinatazama pembeni.

Nipake nini?

Shelaki kwa kitambaa, tabaka nyingi nyembamba, ndiyo inayotoa ule mng'ao wa kina. Haipendi maji wala kikombe cha chai ya moto. Itaacha duara jeupe. Kwa nyumba yenye watoto, paka vanishi juu ya kabati na shelaki mbele. Hakuna atakayegundua.

Nimwambie mteja bei gani?

Usianzie na bei ya kabati la mraba ukaongeza kidogo. Mbao za ziada ni chache. Kinachoongezeka ni saa za kazi, na zinaongezeka karibu zote kwenye nyuso nne za droo. Tengeneza uso mmoja kwanza, andika muda uliotumia, zidisha kwa nne, ndipo ukae na mteja. Na amana uichukue kabla ya kununua shaba.

Ndugu yangu yuko Ulaya anataka nimtumie mbao za mkangazi atengeneze mwenyewe. Inaruhusiwa?

Kwa kibali tu. Mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022 uliingiza mkangazi, mninga na mkongo wa Afrika kwenye Kiambatisho cha Pili, kwa hiyo magogo, mbao zilizopasuliwa na vinia haviruhusiwi kutoka nje ya nchi bila hati yake. Hata ndani ya Tanzania, mbao zinasafirishwa kwa kibali cha mazao ya misitu. Muulize ofisa wa misitu kabla ya kufunga mzigo.

Kabati limekamilika, sasa masika droo ya chini haifunguki. Nipunguze?

Usikimbilie randa. Droo ya chini ina uso mrefu kuliko zote, sentimita 21, kwa hiyo ndiyo inayovimba zaidi kwenda juu. Uvimbe huo ni wa msimu. Ukipunguza leo, kiangazi utakuwa na mwanya wa kuingiza kidole. Itoe, iweke mahali pakavu siku chache, paka nta ya mshumaa chini ya mbavu na juu ya vibao vya kutelezea, kisha rudisha. Tazama pia mahali inapong'aa: pale ndipo inaposugua. Ikiwa ni ubavuni, huenda kibao cha kutelezea kimeinama. Legeza skrubu ya nyuma, kinyanyue, kaza. Ikiwa bado inakwama baada ya mvua kuisha na nyumba kukauka, ndipo utoe randa, na utoe unyoya mmoja tu kwenye ukingo wa juu kabla ya kuijaribu tena.